Mfuko wa Wagonjwa na Maswali Yangu

Dada yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo kichwa cha mwanawe alikipima kwa futi ile ile aliyopimia viuno vya watu. Kila Jumamosi asubuhi alimlaza mtoto mapajani, akaizungusha futi juu kidogo ya masikio, kisha akatia alama ya kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Nilipofika kwake nikitokea Mererani, mtoto alikuwa na miezi minne na alama zilikuwa tisa. Kila moja ilikuwa mbele ya mwenzake.

"Mguse," aliniambia.

Nikamgusa. Utosi ulikuwa umejaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na mishipa inaonekana chini yake. Mtoto alinitazama, akacheka. Hakuwa na habari yoyote.

Nyumba ilikuwa ya wakwe zake, upande wa juu wa Makumira, pale migomba na kahawa vinapobanana na mlima wenyewe hauuoni mpaka mawingu yapende. Daktari wa Moshi alikuwa amemweleza dada kwamba maji yanajaa kichwani kwa sababu hayana njia ya kutoka. Dawa yake ni mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija wenyewe ulikuwa unaagizwa nje. "Macho bado yanatazama sawasawa," alimwambia. "Siku utakapoona yanazama chini, weupe unabaki juu, ujue tunachelewa." Akampa tarehe ya upasuaji, wiki tano mbele, kwa sharti moja: malipo yatangulie, au barua ya mdhamini.

Sisi tulikua kwenye nchi ambayo dawa ya hospitali haikuwa na bei. Ilikuwa ipo au haipo, basi. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilishuka kwa marobota, na hospitalini nako kuliwekwa dirisha la kulipia. Bei ya kichwa cha mtoto ilikuwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na mmoja, na huyo mmoja alikuwa wa mama yake.

"Usiwe na wasiwasi," shemeji aliniambia tulipokuwa tunakula loshoro, yale makande yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. "Mfuko utalipa."

"Mfuko gani?"

Ulikuwa mfuko wa wagonjwa wa kanisa lao. Kila kaya iliyojiunga ilitoa fungu lake kila mwezi. Akitokea mgonjwa wa matibabu makubwa, barua inasomwa kwenye vikundi vyote, vya mjini na vya mlimani, na kila kaya inaongeza kidogo. Mgonjwa hashiki hela. Mfuko unaandika barua, hospitali inapokea, wanamalizana wenyewe. Na katika barua ile jina la mgonjwa halikutajwa. Walisema tu "mtoto mchanga wa upande wa Makumira" au "mama wa watoto sita". Eti mtu asije akaona haya kwa wenzake.

Mimi nikaacha kula.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Tumetoka Kondoa, nyumba ya Waislamu. Dada alibatizwa alipoolewa na watu wa Meru, na baba alikasirika mwaka mmoja kisha akasahau. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua lori linalopita pale kijijini linaishia wapi. Tangu hapo nimechekecha mchanga Mererani, nimebeba mizigo stendi, nimeuza betri Namanga. Popote nilipofika niliuliza maswali na kuandika majibu kwenye kijidaftari. Na nilikuwa nimeshaibiwa. Bwana mmoja mwenye tai na muhuri alitukusanya watu kama thelathini, akatuandikisha kwenye kampuni ya shimo la vito, kila mtu na fungu lake la kila wiki. Tulipokwenda kuliona shimo letu tukakuta ni shamba la maharage, na mwenye shamba akatufukuza na mbwa.

Kwa hiyo nilimuuliza shemeji, "Watu wa mjini wamlipie mtoto ambaye hawajamwona? Kwa nini?"

"Kwa sababu mwaka jana sisi tulilipia mguu wa mtu wa Engutoto."

"Uliuona huo mguu?"

"Niuone wa nini? Mimi ni daktari?"

"Mtu mwenyewe ulimwona?"

"Sikumwona."

"Jina lake?"

"Shemeji, kula."

Mama yake, aliyekuwa anapepeta kahawa mlangoni, alicheka bila kugeuka. "Huyu ndugu yako," alimwambia dada, "angekuwapo siku ya kuumbwa dunia angeomba risiti."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini kesho yake asubuhi niliteremka hadi barabara kuu, nikaenda mjini kuutafuta mguu wa mtu wa Engutoto.

Nilizunguka siku mbili. Nilivaa shati langu la mikono mirefu ili niheshimike, nikashika daftari mkononi, nikauliza kwenye vioski na mashine ya kusaga. Hatimaye mama mmoja muuza mkaa alinionyesha nyumba yenye geti la mabati. Akatoka mwanamke, akasimama katikati ya geti.

"Naulizia bwana mmoja aliyevunjika mguu mwaka jana, akatibiwa kwa mchango wa kanisa."

Alilitazama daftari. "Hapa hakuna mtu kama huyo."

"Hayupo sasa hivi au hajawahi kuwapo?"

"Kaka, hapa hakuna aliyevunjika kitu. Nenda salama."

Geti likafungwa, na ndani nikasikia mtu akinyamazishwa. Nikaandika kwenye daftari: *mguu haupo*. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya mtoto, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa pia na furaha ile ya mtu aliyepatia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimerudi mlimani. Sikuingia kanisani, nilisimama nje ya ua wa michongoma, kwa sababu baada ya ibada walikuwa na mnada wa kuchangia mfuko. Watu walileta mayai, maziwa, mikungu ya ndizi, kabichi. Mzee wa kanisa, bwana mrefu mwenye koti la kahawia, alimnyanyua jogoo mwekundu ambaye mkia wake ulikatika upande mmoja. Bei ikapanda. Mtu akamnunua, akalipa, kisha dakika haijaisha nikamwona jogoo yuleyule yuko tena mikononi mwa mzee, bei inaanza upya! Akanunuliwa na mwingine. Akarudi tena. Jogoo mmoja aliuzwa mara nne mbele ya macho yangu, na mwisho mzee wa kanisa alimbana chini ya kwapa akaondoka naye.

Huo mchezo niliujua. Kwenye soko la Kwa Mrombo, mjini, niliwahi kulipwa kuucheza. Mwenye robota la mitumba anaweka watu wake wawili watatu katikati ya wateja. Wanapandisha bei, wanajifanya wamenunua, nguo inarudi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mmoja wao kwa miezi miwili na nilikuwa hodari. Sasa nikaona nimewashika wachezaji wenzangu, tena ndani ya ua wa kanisa.

Sikurudi nyumbani kuuliza. Nilikwenda moja kwa moja mjini, na Jumatatu nilikuwa sokoni Kwa Mrombo, kwa jamaa zangu wa mitumba, nikasimulia. Nilisimulia vizuri. Nilimwigiza mzee wa kanisa na jogoo wake, nikaigiza geti la Engutoto, na watu wakaacha kupanga nguo wakasikiliza.

"Sasa huyo mtoto mwenye kichwa yupo kweli?" aliuliza bwana mmoja muuza viatu.

"Mtoto yupo, ni mpwa wangu. Lakini hela itamfikia?"

"Wewe unasema ni mpwa wako," alisema yule bwana, na akarudi kwenye viatu vyake.

Sikujua kwamba alikuwa mwanachama wa mfuko. Sikujua kwamba nusu ya wanachama wa mjini walinunua na kuuza katika soko lile.

Nilikaa mjini wiki nzima nikipakua mizigo. Niliporudi Makumira Jumamosi, dada alikuwa amemaliza kupima kichwa na futi ilikuwa bado mkononi. Kitu cha kwanza nilichokiona kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani kilikuwa jogoo mwekundu mwenye mkia uliokatika upande mmoja.

"Huyu mmempata wapi?"

"Mzee wa kanisa alimleta Jumapili ile ile," dada alisema. "Zawadi ya mtoto. Watu wanne walimnunua wakamrudisha mnadani ili achangie zaidi, wa mwisho akasema aletwe huku kwangu, niwe na supu nikitoka Moshi. Ndivyo wanavyofanya. Hukuwahi kuona?"

Ukumbini alikaa mgeni. Alikuwa katibu wa mfuko, mama mtu mzima wa Kichaga, nesi mstaafu, aliyepanda kutoka mjini na viatu vyake vimejaa matope. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ananipima kwa macho kama dada anavyopima kitambaa.

"Ni wewe mwenye daftari," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Yule wa Engutoto mguu wake umepona. Alikuwa chumbani siku ile, anakusikia. Aliumia kwenye machimbo ya mawe yasiyo na kibali, wakadhani umetumwa na ofisi. Mkewe alikaa na hofu siku tatu." Akakwangua tope kwenye kiatu. "Hilo tumelicheka. Linalofuata halichekeshi. Wanachama wa mjini wamezuia mafungu yao. Wanasema wamesikia sokoni, tena kutoka kwa ndugu wa mgonjwa, kwamba mfuko unachezewa, na kwamba huenda hata mtoto hayupo. Bila mafungu siwezi kuandika barua. Bila barua, wiki ijayo hospitali itampa nafasi mtu mwingine."

Dada alinigeukia taratibu. Mtoto alikuwa mgongoni, kafunikwa khanga mpaka juu, kama alivyomfunika siku zote akipita njiani. Majirani walikuwa wakisema mambo: kwamba ni laana ya mtu aliyebadili dini, kwamba mama alimcheka kiwete. Kwa miezi miwili dada alikuwa hajampeleka mtoto hata dukani.

"Ulisema hivyo, kaka?"

"Nilisema nilichokiona."

"Uliona nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si ungeniuliza mimi? Nilikuwa hapa hapa."

Mama mkwe wake, ambaye kila mara alikuwa na neno la kunitania, safari hii alinyanyuka akaenda jikoni.

Katibu alisema lipo jambo moja tu wanalolitaka watu wa mjini. Yeye hakulipenda, mchungaji naye hakulipenda, lakini muda haukuwapo wa kubishana. Wanataka kumwona mtoto.

"Kumwona vipi?" shemeji aliuliza.

"Kesho, kanisa la mjini, ibada ya pili, mbele ya watu."

Shemeji alikataa. Alisema mwanawe si mbuzi wa mnadani. Alisema atamuuza ng'ombe, ataliuza shamba la kahawa, na mama yake akajibu kutoka jikoni kwamba shamba lina ndugu watano na ng'ombe ni mmoja. Mimi nilisema nitakwenda mwenyewe kuwaambia nilikosea.

"Wewe?" dada alisema. "Nani atakuamini wewe?"

Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamtazama macho, la kushoto na la kulia. Kila siku alikuwa akiyatazama hivyo. "Nitampeleka," alisema.

Kesho yake niliingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kanisa lilijaa. Mchungaji alieleza kwa maneno machache kwamba kumekuwa na mashaka, na kwamba mama wa mtoto amekubali kwa hiari. Neno hilo "hiari" alilisema akitazama chini. Dada alipita katikati akiwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mtoto kifuani, na kofia ya sufu kichwani mwa mtoto. Alifika mbele, akageuka. Akaivua ile kofia.

Nilitarajia watu wagune. Hawakuguna. Walianza kutoka benchi kwa benchi, kwa utaratibu ule ule wanaokwenda nao kutoa sadaka, wakapita mbele yake mmoja mmoja. Baadhi ya kina mama walimgusa dada bega bila kumtazama mtoto. Wengine walilia. Mtoto wa kike wa miaka kama mitano aliuliza kwa sauti, "Mama, anaumwa?" na mama yake akamvuta mkono. Yule bwana muuza viatu alisimama muda mrefu kuliko wote. Aliinamisha shingo akatazama upande mmoja, akahamia wa pili, kama anayekagua soli. Alipogeuka kurudi alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alinishukuru! Kwake yeye mimi nilikuwa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Dada hakuwatazama. Alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa anazitazama taa za dari kwa mshangao, akirusha miguu.

Mafungu yalirudi ndani ya siku tatu, mengine mara mbili ya kawaida. Barua iliandikwa. Nilimsindikiza dada Moshi kwa sababu shemeji hakupata ruhusa kazini, na njiani hakunisemesha ila kunipa mtoto nimshike. Wodini bado sikuacha tabia yangu. Nilimwomba nesi anionyeshe mrija kabla haujatumika, nikitaka kuona kama ni mpya. Alinionyesha ndani ya karatasi yake iliyofungwa. Ulikuwa mwembamba kama tambi. Akaniuliza, "Umeridhika, mjomba?" na mtoto akapelekwa ndani.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Alitoka na kipara upande mmoja, na mshono nyuma ya sikio na mwingine tumboni. Siku ya nne utosi ulikuwa umebonyea. Macho hayakuzama. Dada aliuweka mkono wangu pale kichwani, akasema, "Gusa." Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile. Ngozi ilikuwa imelegea, laini, na chini ya kidole changu nikausikia mrija ukishuka nyuma ya sikio kuelekea shingoni.

Ningependa kuishia hapo. Mtoto alichelewa kutembea, lakini alitembea.

Lakini miezi michache baadaye mfuko ulifanya mkutano wake, na kanuni mpya ikasomwa makanisani kote: mgonjwa atakayeombewa mchango aonekane kwanza na wanachama. Muuza viatu ndiye aliyeitoa hoja. Watu wengi waliipenda. Walisema ile Jumapili ya mtoto iliwagusa sana, na michango haijawahi kuwa mizuri vile. Dada alikuwapo kanisani iliposomwa, na alisema watu waligeuka kumtazama kwa upendo, na hajawahi kuona aibu kama ile.

Niliteremka mjini kwa katibu. Nilimwambia kwamba maneno yangu yalikuwa ya uongo, kwamba hawawezi kutunga kanuni juu ya uongo wangu. Alikuwa anahesabu misumari dukani kwa mwanawe.

"Nimepinga, nimeshindwa kwa kura," alisema. "Hawakutaki wewe tena, mwanangu. Swali lako wanalo. Limewatosha."

"Na mtu mwenye ugonjwa wa siri?"

"Nimewauliza hivyo hivyo. Wakasema mtu asiye na la kuficha hataficha."

Nyumba ya tatu kutoka kwa dada palikuwa na mama mjane, mwanachama tangu mfuko ulipoanza. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alimwonyesha dada peke yake, chumba cha kushonea, mlango umefungwa. Dada alikwenda kwenye kamati akasema, nimemwona mimi kwa macho yangu, naapa. Wakamwambia neno la mtu mmoja halitoshi, kwa sababu hata wewe mwenyewe, dada, tulilazimika kukuona. Yule mama akasema basi. Akajitoa kwenye mfuko. Aliuza ng'ombe wake, akaondoka asubuhi moja na kikapu, hakuaga mtu.

Nilikuwa nafunga begi langu kwenda Namanga siku habari hizo zilipofika. Dada alikuwa kwenye cherehani, mtoto sakafuni anajaribu kukaa.

"Amekwenda wapi?" niliuliza. "Hospitali gani?"

Dada alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kaka," alisema, "hilo usiulize."

Sikuuliza. Nilimbeba mtoto kidogo, nikamrudisha sakafuni, nikaondoka.